Spea za plastiki kwenye kombaini ya mpunga: maswali ninayoulizwa kila msimu

Karakana yetu iko Nyakato, Mwanza. Kuanzia mwezi wa nne, mpunga unapoanza kuinamisha vichwa huko Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema, simu haipumziki. Wenye kombaini, zile mashine za kuvuna, madereva wao, na siku hizi hata wakulima wanaokodi, wote wanauliza kuhusu spea za plastiki. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwa simu, nimeamua kuyaandika. Nimejibu kama ninavyojibu pale kwenye benchi, kwa hiyo mahali pengine nitakuwa na maneno mengi na pengine mkato.

Fundi, plastiki na chuma wapi na wapi? Si itakatika siku ya kwanza?

Ukisema plastiki watu wanawaza ndoo na beseni. Kuna plastiki ukiipiga nyundo, nyundo inakurudia usoni. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Lakini haikai kila mahali. Plastiki inaishinda chuma penye kuteleza, penye tope na penye majani yanayosugua. Inashindwa penye moto na penye kipigo kikali. Meno ya ngoma ya kupuria ni chuma na yatabaki chuma. Wavu wa chini ya ngoma vilevile, na visu vilevile. Akitokea mtu kukuuzia meno ya kupuria ya plastiki, muage kwa heshima uondoke.

Sasa kuna jambo ambalo wateja wengi hawalitazami. Kwenye mashine ya mpunga lazima kitu kilike, huna ujanja. Majani ya mpunga na pumba zake yamejaa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Choma kilo 100 za pumba, zitakuachia kama kilo 20 za majivu, na sehemu kubwa sana ya majivu hayo ni silika. Maana yake kombaini yako inashinda kutwa ndani ya msasa. Basi chagua kilike nini: shafti ambayo nikitaka kuitoa nafungua nusu ya mashine, au bushi, yaani pete ambayo shafti inazungukia ndani yake, unayoibadilisha kwa spana mbili ukiwa umesimama kwenye tuta la jaruba? Mimi nachagua bushi. Plastiki ninayoifunga naifunga ili ife yenyewe, chuma kipone.

Aina ziko ngapi, na ipi ni ipi?

Ziko nyingi, ila kwenye kazi hii nashika tatu.

Ya kwanza ni ile inayoteleza kama sabuni, yenye alama UHMW. Ni polietilini, ndugu wa plastiki ya dumu la maji, ila molekuli zake ni ndefu mno na hapo ndipo ugumu wake wa kusagika unapotoka. Mimi naiita poli tu, na humu ndani nitaiita hivyo. Tope haliishiki, maji haiyanywi. Udhaifu wake ni joto na uzito: ukiikandamiza sana kwa muda mrefu inabonyea taratibu na hairudi.

Ya pili ni nailoni. Ngumu zaidi, inabeba uzito vizuri, inavumilia joto kuliko poli. Ila inakunywa maji, na jambo hilo limeshanitia aibu, nitaeleza mbele.

Ya tatu ni asetali, imeandikwa POM. Inakerezeka vizuri kuliko zote, inashika vipimo hata ikilowa. Kwa bushi ndogo na gia ndogo ndiyo naipenda. Kuipata kipande kikubwa hapa Mwanza ni kazi, mara nyingi tunaagiza Dar.

Nitajuaje kama duka limeniuzia yenyewe?

Omba kipande kidogo tu kama ukucha, utumbukize kwenye glasi ya maji. Poli inaelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji kidogo. Nailoni inazama, na asetali inazama haraka zaidi. Ukiambiwa ni nailoni na kipande kinaogelea juu, umeshapata jibu.

Hili si jambo la shule. Nenda mwaloni Kirumba umuulize mvuvi yeyote kwa nini wavu wa nailoni unashuka na kamba ya plastiki ya kawaida inabaki juu ya maji. Atakueleza kuliko mimi.

Mwaka mmoja mzee mmoja kutoka Kwimba aliniletea fimbo nyeupe, nene kama mkono wa mtoto, kanunua kama nailoni ya bushi kwa bei ya nailoni. Nikakata unyoya mmoja kwa kisu, nikauweka kwenye kikombe changu cha chai kilichobaki na maji ya kusuuzia. Ukaelea. Mzee akauzamisha kwa kidole, ukapanda. Akauzamisha tena. Mara ya tatu akacheka, akasema, "Fundi, hii ni dumu." Duka silitaji, na huenda hata muuzaji hakujua.

Glasi ya maji haitakutenganishia poli halisi na HDPE, ile ya madumu, maana zote zinaelea. Hapo tumia kisu na mkono: poli inakatika kwa shida, nyuzi zake zinang'ang'ania, na ukiipasha moto hadi inakuwa kama kioo haidondoki matone, inabaki imesimama kama mpira. HDPE inadondoka kama mshumaa. Fanyia nje, usivute moshi, na usijaribu hivyo kwa asetali kabisa: moshi wake ni sumu na unachoma macho.

Nianze kubadilisha kipi?

Vidole vya rili. Rili ni ile inayozunguka mbele na kuulaza mpunga kwenye kisu, na vidole ndivyo vinavyonyanyua mpunga uliolala. Mashine nyingi huja na vidole vya waya wa chuma. Waya ukipinda hukutana na kisu. Kisu kikiukata, kipande kinamezwa njia yote mpaka kwenye ngoma, na hapo utasikia mlio ambao hutausahau. Kidole cha plastiki kikigonga kisiki kinapinda na kurudi. Kikizidiwa, kinavunjika. Kikiingia kwenye kisu kinakatwa, kikifika kwenye ngoma kinasagwa, na hasara yako ni kidole kimoja. Tembea na vidole 10 kwenye sanduku la spana.

Ushauri mmoja kuhusu vidole vya nailoni vilivyotoka dukani vikiwa vikavu: viloweke kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, siku nzima au mbili, kabla ya kuvifunga. Nailoni kavu kabisa ni kama biskuti. Ikishapata unyevu wake inakuwa na uvumilivu. Wengine wananicheka nikiwa na sufuria la vidole karakanani. Wacheke.

Baada ya vidole, nenda kwenye vibao vya chini ya kichwa cha kombaini, pale kinapoburuta ardhini. Hapa ndipo poli inapolipa kuliko popote, hasa kwa udongo wetu. Mwenye shamba la luseni, ule mchanga, anaweza asione tofauti kubwa. Lakini ingia kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, baada ya mvua ya mwisho. Tope linashika kwenye kibao cha chuma, linajishikia lenyewe juu ya lenyewe, na baada ya mizunguko mitatu unasukuma mbele yako donge kama kichuguu. Dereva ananyanyua kichwa, anaacha masuke chini, mkulima anaanza kelele. Kibao cha poli, tope linateleza na kubaki nyuma. Nafunga unene wa milimita 10, boliti za kichwa bapa zilizozamishwa ndani ya plastiki. Ukiona kichwa cha boliti kimeanza kung'aa, yaani kinagusa udongo, badilisha kibao. Usisubiri.

Na matundu! Poli hutanuka na jua kuliko unavyodhani. Kibao cha mita 1 kilichofungwa asubuhi ya baridi, kikipata jua la saa saba kikapanda nyuzi 40 hivi, kinaongezeka kati ya milimita 6 na 8. Chuma chini yake kimeongezeka nusu milimita. Ukikaza boliti zote kwenye matundu ya duara, kibao kitavimba katikati kama chapati. Tundu moja la katikati liwe duara, mengine yote yawe marefu, uweke na washa pana.

Mengine ya kufuata ni viongozi vya cheni, vile vinavyoishikilia cheni kwenye njia yake, na vikaza cheni. Hapo sina maneno mengi: poli au nailoni zote zinafaa, cheni inatulia, kelele inapungua.

Bushi ya nailoni imeng'ang'ania shafti baada ya mashine kukaa kwenye maji. Nimefungaje vibaya?

Umefunga kama nilivyofunga mimi mara ya kwanza.

Ilikuwa kombaini ya mteja wa Sengerema, shafti ya rili ya milimita 30. Nikakereza bushi za nailoni mpya, kavu, na nikaacha nafasi kama ninavyoiacha kwenye shaba, sehemu moja ya kumi ya milimita. Ilizunguka vizuri mpaka nikajisifu. Mvua ikashika, mashine ikaachwa jarubani karibu wiki nzima, kichwa kimeshushwa ndani ya maji. Siku jua lilipotoka dereva akawasha, mkanda ukanuka, rili haijasogea hata inchi moja. "Fundi, rili imeganda." Wakati ule daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa, nikakaa foleni ya feri na nyundo yangu mapajani nikiwaza nini kimevunjika.

Hakuna kilichovunjika. Tulipoitoa shafti kwa kuigonga, nikapima tundu la bushi kwa venia, kile kipimo cha milimita, bushi ikiwa bado ndani ya nyumba yake, yaani chuma kinachoishika. Nilikuwa nimeliacha milimita 30.1. Lilisoma 29.9. Nailoni ilikunywa maji, ikavimba, na kwa kuwa nje ilizuiwa na chuma ilivimbia ndani.

Nailoni ya kawaida, aina ya 6, ikiachwa majini mpaka ishibe hunywa kama asilimia 9 ya uzito wake. Kwa hiyo sasa nafanya hivi: fimbo naikata vipande, nailoweka siku kadhaa, ndipo naikereza kwa kipimo cha mwisho. Na shafti ya milimita 30 naiachia karibu robo milimita. Inalia kidogo mwanzoni, dereva mpya atalalamika kuwa imelegea. Mwambie anyamaze avune. Mahali panapolala majini kila mara, acha nailoni kabisa, tumia asetali, au poli kama uzito ni mdogo.

Safari ile sikumtoza mteja hata nauli.

Nipake grisi?

Kwenye poli, hapana. Inateleza yenyewe, na maji yanaisaidia. Kwenye nailoni na asetali, paka kidogo siku ya kufunga, basi. Grisi inayotokeza nje inakamata vumbi la mpunga na inageuka kuwa dawa ya kusugulia.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu ile habari niliyoanza nayo, kwamba plastiki ife chuma kipone. Siyo kila mara. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye bushi laini inazama ndani ya plastiki na kukaa humo, kichwa nje. Zikishakuwa nyingi, bushi yako ni kipande cha msasa kinachozungushwa juu ya shafti. Nimeona shafti iliyoliwa mfereji mzima na bushi bado inang'aa. Ndiyo maana nasisitiza sili, ile pete ya kuzuia vumbi na maji, na kuosha: kila jioni maji na brashi kwenye miisho ya shafti, na kila baada ya siku chache vuta bushi moja uipitishie kidole ndani. Ukihisi mikwaruzo kama ulimi wa paka, itupe, hata kama kwa macho ni nzima.

Naweza kukata pipa la bluu nikatumia?

Unaweza, kwa kazi zake. Lile pipa la lita 200 ni HDPE, na bati lake linafaa kuvika ndani ya tangi la nafaka, kwenye mifereji ya kumwagia, na pembeni mwa kichwa ambako mabua yanakwama. Linateleza, ni rahisi, linakatika kwa msumeno wa chuma. Kwa bushi ni jembamba na laini mno. Vibao vyeupe vya kukatia samaki vinavyotoka viwanda vya minofu pia mara nyingi ni HDPE. Vizito, vizuri, nimevitumia kwa viongozi vya cheni. Vioshe mpaka harufu ya sangara iishe, la sivyo utalala na paka juu ya kombaini.

Ila swali la kwanza kwa pipa lolote: lilibeba nini? Kama ni dawa ya mimea, dawa ya mifugo, au kemikali usiyoijua, lisikaribie nafaka. Halioshwi likasafika, plastiki imeshainywa.

Na bomba la PVC?

Hapana. Linakatika kama kikombe, na linalainika kwenye nyuzi 80 hivi. Waachie mafundi wa maji.

Nyeupe au nyeusi?

Kwa kinachokaa juani, nyeusi. Weusi ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo, yanazuia jua lisiile plastiki. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, nyeupe isiyo na kinga inaanza kuwa na unga juu, kisha nyufa ndogo kama za kisigino. Ndani ya mashine kusikofika jua, rangi haina neno.

Nikibandika kwa gundi au nikichomelea?

Poli haikubali gundi yoyote utakayoipata mtaani, na haichomelewi, kwa sababu hata ikiyeyuka haitiririki. Boliti tu. Kipande cha HDPE kinachomeleka kwa hewa ya moto na fimbo ya plastiki ile ile; vijana wanaotengeneza bampa za magari wanaijua kazi hiyo.

Joto je?

Poli usiiweke mahali panapozidi nyuzi 80 kwa muda mrefu. Ikikaribia 135 imekwisha. Kwa hiyo mbali na bomba la moshi, mbali na breki, mbali na puli ambayo mkanda wake unateleza. Nailoni inayeyuka nyuzi 220 hivi, lakini inachoka mapema zaidi ya hapo. Kipimo changu cha shambani ni kiganja: zima mashine, subiri kila kitu kisimame, gusa nyumba ya bushi. Ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kuondoa mkono, uko salama. Ukiruka, tafuta chanzo kwanza, usibadilishe bushi tu.

Plastiki inaungua, na mashine ya kuvuna imejaa majani makavu. Kizima moto kiwe karibu na dereva, na kiwe kinafanya kazi.

Zitanipunguzia chenga za mchele?

Kidogo. Skurubu ya kupandishia nafaka iliyovikwa plastiki ukingoni haibani punje kama ile ya chuma iliyolika ikawa na makali. Lakini mkulima anayenipigia kulalamikia chenga, naanza kwa kumuuliza alivuna lini na alianikaje. Mpunga wa kuvuna kwa mashine unataka unyevu wa asilimia 20 mpaka 25. Ukiuacha shambani ukauke, ukalowa na mvua, ukakauka tena, punje imeshapasuka ndani kabla kombaini haijafika. Ukiuanika kwenye turubai juu ya lami ya moto bila kuugeuza, ni hivyo hivyo. Shusha taratibu mpaka 14 ndipo uhifadhi au ukoboe. Hakuna spea ya kutibu hilo.

Serikali si ilipiga marufuku plastiki?

Ile ya Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Bushi yako haimo.

Kuna mashine za kuchapa vipande vya plastiki siku hizi. Nikichapisha kidole cha rili?

Nimeletewa vitatu, vizuri kwa macho. Nyuzi zinazotumika sana kwenye mashine hizo ni za PLA, na hiyo inalegea kwenye nyuzi 60 tu. Viliachwa juu ya bodi ya gari mchana mmoja, vikainama vyote upande mmoja kama waumini. Kwa kutengeneza mfano wa kupimia, safi sana. Kwa kuvuna, bado.

Bei ikoje ukilinganisha na ya kampuni?

Inabadilika, nipigie. Ila usilinganishe kipande kwa kipande. Linganisha kwa ekari, na uhesabu siku ambazo mashine imesimama. Kuna spea halisi za chuma ninazowaambia watu wanunue hata zikiwa ghali, na beringi ni mojawapo. Beringi usinikerezeshee plastiki, nitakataa.

Mashine imesimama shambani sasa hivi, bushi imekwisha, mjini mbali. Nifanyeje?

Tafuta mti mgumu mkavu. Bushi za mbao si uganga: kombaini za zamani za ng'ambo zilitoka kiwandani na beringi za mbao zilizoloweshwa oili. Chonga vipande viwili vya nusu duara, vitumbukize kwenye oili ya injini iliyo moto kiasi, viache vinywe mpaka vitoe mapovu na mapovu yaishe. Funga, endesha taratibu, kagua kila ekari. Nimeona zikimaliza siku tatu.

Ukija Nyakato usije na bushi iliyokufa peke yake. Hiyo haina tena kipimo cha kuaminika. Njoo na shafti, au kama haitoki, ipime kwa venia sehemu tatu: mwanzo, katikati pale inapolika, na mwisho, uniandikie namba zote tatu. Usiniandikie wastani.